Mzazi atajibia wapi? Historia fupi ya namna shule za Kolwezi zinasema na wazazi



Mwaka uliopita shule moja ya msingi hapa Kasulo ilituomba sisi vijana wenye kumaliza chuo kikuu tuisaidie kwa mambo ya mawasiliano. Mkuu wa shule alitaka kundi la WhatsApp la wazazi, ukurasa wa Facebook, na bango jipya kwa mlango. Mimi nilisomea kilimo, si mambo ya habari, lakini kwa sababu simu yangu ni nzuri kidogo, kazi ikaniangukia. Tukafungua kundi, tukaingiza namba za wazazi, na sawa vile mkuu alivyotaka, tukalifunga ili yeye na walimu wawili tu waweze kuandika. "Tukiwaachia wazazi, italeta fujo," alisema. Ujumbe wa kwanza ulikuwa juu ya falanga za nguo za shule.

Kisha juma moja, mama mmoja alinisimamisha njiani. Mtoto wake hakuwa ameonekana darasani siku nyingi. Alikuwa anaenda na kaka yake kuosha mawe. Mama alitaka kueleza mambo ya nyumbani mbele jina la mtoto halijafutwa. Alinionyesha simu yake akasema: "Komunike yenu niliiona. Sasa miye nitajibia wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wazee na kusoma kidogo, ili nijue shule zetu zilijifunza wapi kusema bila kusikia. Kumbe ni historia ndefu.

Tuanze na kampuni, maana kwetu kila kitu kilianza na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa 1906. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa 1937, juu ya madini. Mwanzoni kampuni ilikuwa inaleta wanaume peke yao, wanafanya kazi muda fulani, wanarudi kwao. Karibu na mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha njia: mfanyakazi akae na bibi yake na watoto katika kambi, ili asirudi tena kijijini. Pale ndipo shule ikawa kazi ya kampuni pia. Masomo yaliwekwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki, lakini nyumba, posho, hospitali na mshahara vilitoka kwa kampuni.

Waza sasa namna shule ya kambi ilikuwa inasema na mzazi. Haikuhitaji maneno mengi. Kulikuwa na kengele. Kulikuwa na mkuu wa kambi, yule ambaye wazee wetu walimwita changachanga. Mtoto akitoroka masomo, habari inafika kwa changachanga, na baba anajua kwamba mtu huyo ndiye anaangalia nyumba na posho yake. Ni mawasiliano yenye kufanya kazi, hatuwezi kukataa. Ila yalifanya kazi kwa sababu mwenye kusema alishika chakula cha mwenye kusikia.

Mwaka 1957 kampuni ilianzisha gazeti lake, Mwana Shaba. Wazee wengi wa Musonoi, Kapata na Luilu wanalikumbuka. Lilileta habari za kazi, za kambi, za michezo, za masomo. Leo tungesema ni kazi ya uhusiano na umma. Mtu akiona mtoto wa jirani ndani ya gazeti, naye anatamani wake afike pale. Jina lenyewe lilikuwa na nguvu: mwana wa shaba, yaani wewe ni mtoto wa kampuni. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kilichotoka 2001 juu ya hao wana shaba, na katika kichwa cha kitabu anawaita watoto walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Na kwa desturi zetu, baba akisema, mtoto anasikiliza.

Kisha serikali ikashika usukani. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na taifa, na ikawa kampuni tunayoiita leo Gécamines. Karibu na wakati uleule ukaanza mtihani wa serikali kwa wanaomaliza sekondari. Tangu pale chombo kikubwa cha habari za masomo kikawa redio. Nyumba nzima inakaa kimya, majina yanasomwa, na jina likitoka, vilio vya furaha vinaanza na poda inamwagwa kichwani mpaka mtoto anakuwa mweupe. Leo matokeo yanakuja kwa SMS, lakini poda haijabadilika!

Hata shule za chini zilikuwa na chombo chao: proklamasio ya mwisho wa mwaka. Wazazi wanakusanyika uwanjani, mkuu wa shule anasoma majina moja moja na asilimia zake. Kwa maoni yangu hakuna chombo kizuri kupita hicho, kwa sababu mzazi anakuja na mwili wake, anaona uso wa mwalimu. Lakini angalia vizuri: siku ile pia mzazi anakaa, anasikia, anapiga makofi, anaenda. Asiye na furaha anabeba buleteni yake kimya.

Basi ikaja miaka mibaya. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka. Serikali nayo haikulipa tena walimu vizuri, na katika miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuwabeba walimu kwa mifuko yao wenyewe. Hapa mawasiliano ya shule yalipata ugonjwa ambao haujapona. Karatasi yenye kutoka shuleni ikawa na maana moja: falanga. Mtoto anarudishwa nyumbani saa mbili ya asubuhi, na yeye mwenyewe ndiye barua. Mzee mmoja wa hapa aliniambia: "Batu ba masomo, banatuita tu siku ya falanga." Mzazi asiye na kitu alijifunza kukwepa. Anaona mwalimu anakuja, anapita njia nyingine.

Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ile njia iliyoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zikabaki bila mshahara. Wanaume wakashika koleo, na watoto wakafuata. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba chini ya nyumba za Kasulo kuna kobalti. Mnajua yaliyofuata: mashimo ndani ya viwanja, ndani ya vyumba, hema za rangi juu ya kila shimo. Mwaka 2016 Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti juu ya watoto wenye kufanya kazi katika kobalti ya kwetu, na ulimwengu wote ukasoma. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ikafungwa kwa ukuta ili kampuni inunue madini ya wachimbaji ndani yake, na familia nyingi zikahamishwa.

Sasa fikirini hali ya shule katikati ya haya yote. Daftari lake lina anwani ya nyumba ambayo leo ni shimo. Mtoto anakosa darasani: amehama? Ni mgonjwa? Anaosha mawe? Ameshuka chini? Shule haijui, kwa sababu tangu wakati wa changachanga haikupata kuunda chombo cha kupokea habari. Ilikuwa na kengele, na kengele haina masikio. Mwandishi wa ripoti kutoka ng'ambo alijua mambo ya watoto wale mbele ya mwalimu wao. Hiyo inaniuma kama mtoto wa Kolwezi.

Mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali yakatangazwa kuwa bure, sawa vile katiba ya 2006 ilivyoahidi. Madarasa yakajaa mpaka mlangoni. Mwaka 2020 shule zikafungwa juu ya Covid, na Radio Okapi ikapeleka masomo hewani kwa programu ya Okapi École. Tangu pale walimu wengi wakazoea simu. Ndiyo namna WhatsApp iliingia, na sisi vijana tukaitwa. Lakini tulichofanya ni nini? Tulichukua simu, chombo cha kwanza katika historia yetu chenye kuweza kurudisha sauti ya mzazi kwa sekunde mbili, na tukakifunga kiwe kengele.

Mimi mtu wa kilimo nilipaswa kujua. Tangu 1917 serikali ya ukoloni ililazimisha watu kulima mazao fulani, na kulikuwa na watu wa kupita shambani kuangalia kama amri imefuatwa. Chuoni walitufundisha kinyume chake: usiingie katika shamba la mtu ukaanza kumfundisha mbele hujamuuliza kwa nini anapanda vile. Mara nyingi ana sababu, na sababu ile ndiyo itakayokuonyesha njia.

Basi tulirudi kwa mkuu wa shule, tukazungumza naye kwa heshima, na kundi likafunguliwa. Siku za kwanza ilikuwa fujo kweli, alikuwa amesema ukweli. Mmoja anauza mafuta ya ngozi, mwingine anatuma maombi ya usiku kucha. Tukaweka sheria tatu. Mzazi anaandika juu ya mtoto na shule tu. Asiyejua kuandika anatuma sauti, kwa Kiswahili chake. Na mwalimu mmoja, jina lake linajulikana, anajibu kabla ya jioni ya kesho yake. Kwa wasio na simu ya intaneti, tuliweka daftari kwa mlinzi wa mlangoni: unamwambia, anaandika, unarudi kuuliza. Tena tulikubaliana kitu kimoja: ujumbe juu ya falanga usitangulie mwezi. Utangulie ujumbe mwingine wowote, juu ya masomo au afya.

Yule mama alituma sauti yake. Mwalimu alienda kwao, na mtoto akarudi. Sitawadanganya: alikaa wiki sita, kisha akapotea tena, kwa sababu njaa haisomi WhatsApp. Lakini safari hii tulijua siku ya kwanza, tulijua yuko wapi, na jina lake halikufutwa. Nafasi yake bado iko.

Ndugu zangu, wengi wenu mtaombwa kazi sawa na ile, maana kila shule na kila chama kinataka ukurasa, nembo, bango na video. Tengenezeni, ni vizuri. Lakini mbele ya yote ulizeni ile swali ya mama wa Kasulo: mzazi atajibia wapi? Kama jibu halina mlango wa kupitia, mumetengeneza kengele nyingine tu, na kengele tunazo tangu wakati wa wababu zetu.

Tuko pamoja.