Zege Hailali: Kutoka Chokaa ya Kilwa hadi Mfuko wa Saruji

Mafundi wa Tanzania wana msemo: zege hailali. Maana yake ya kwanza ni ya kazini. Zege ikishachanganywa lazima imwagwe siku hiyo hiyo, kwani ikiachwa hadi kesho itakuwa jiwe ndani ya karai. Baadaye msemo huo ulitoka kazini ukaingia mitaani, na sasa hutumiwa kwa jambo lolote lisilofaa kuahirishwa.

Niliposikia msemo huo kwa mara ya kwanza darasani, nilikumbuka nyumba ya baba mdogo wangu huko kwetu Uganda. Nilikuwa bado mtoto, na kazi yangu siku ya kumwaga zege ilikuwa kubeba maji. Kila fundi aliposema zege ni nzito kwa koleo, nilimwaga ndoo nyingine. Hakuna aliyepima, na mimi nilijiona msaidizi hodari. Insha hii imetokana na swali lililonijia baada ya miaka mingi: je, watu wamejua tangu lini kwamba ndoo ile ilikuwa na hatari? Nimegundua kwamba wamejua kwa zaidi ya miaka mia moja. Hoja yangu ni kwamba vifaa vya zege vimebadilika sana katika historia, lakini mambo mawili hayajabadilika: kipimo na subira.

Warumi na watu wa Kilwa

Zege ni mchanganyiko wa vitu vinne: kiunganishi, yaani chokaa au saruji, mchanga, kokoto, na maji. Warumi waliijua tangu karne za kabla ya Kristo. Mjenzi Vitruvius, aliyeandika katika karne ya 1 K.K., alielekeza kwamba chokaa sehemu 1 ichanganywe na sehemu 3 za mchanga uliochimbwa ardhini, lakini sehemu 2 tu kama mchanga umetoka mtoni au baharini. Kwa ujenzi wa ndani ya maji alishauri majivu ya volkano kutoka eneo la Napoli, kwa sababu majivu hayo yakikutana na chokaa hugeuka jiwe hata chini ya bahari. Kuba la Pantheon mjini Roma, lililokamilika karibu mwaka 126 B.K., lina kipenyo cha mita 43 na halina chuma ndani yake. Wajenzi wake waliweka mawe mazito sehemu ya chini na mawe mepesi ya volkano sehemu ya juu, ili kuba lisijilemee lenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ufundi wake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ule ulikuwa tayari na Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Mafundi walichoma matumbawe juu ya lundo la magogo wakapata chokaa. Waliimwagia maji, wakaiacha muda mrefu ilainike, ndipo wakaichanganya na mchanga. Kwa chokaa hiyo waliunganisha mawe na kupiga lipu. Juu ya nyumba walipanga boriti za mikoko na vipande vya mawe, kisha wakatandaza tabaka nene la kokoto za matumbawe na chokaa. Tabaka hilo, kwa hakika, ni zege.

Chokaa ya matumbawe ina tabia yake. Haiwi ngumu kwa kukauka tu, bali huvuta kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe kama lile ilikotoka. Jambo hilo huchukua miezi, hata miaka. Tena dari la chokaa lilibebwa na boriti, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba na virefu. Kwa hiyo fundi wa Kilwa hakuwa na njia ya kuharakisha kazi. Alilazimika kusubiri, na kuta zake zingali zinaonekana.

Saruji na nondo

Safari ya kutoka chokaa kwenda saruji ya leo ilifanyika kwa sehemu kubwa Uingereza. Mwaka 1756 mhandisi John Smeaton alipewa kazi ya kujenga mnara wa taa katika miamba ya Eddystone, mahali panapopigwa na mawimbi. Alijaribu aina mbalimbali za chokaa, akagundua kwamba ile iliyotokana na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndiyo iliyokuwa ngumu ndani ya maji. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds, alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland, kwa kuwa ilifanana na jiwe la kisiwa cha Portland. Waliomfuata waliongeza moto wa tanuri. Leo mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi kufikia nyuzi joto 1450 hivi, kisha husagwa kuwa unga.

Saruji hiyo ilileta kasi, lakini zege bado ilikuwa na udhaifu mmoja: huvumilia kugandamizwa, ila ikivutwa au kupindwa hupasuka upesi. Mtunza bustani Mfaransa Joseph Monier alitengeneza vyombo vya kupandia miti vya saruji vyenye waya ndani, akapata hataza mwaka 1867. Kutoka hapo zilizaliwa nguzo na boriti zenye nondo. Chuma na zege hupatana kwa sababu vinapopata joto hutanuka karibu sawasawa, na zege nzuri hukinga chuma kisishike kutu. Sasa chumba hakikufungwa tena na urefu wa mti, na ghorofa ziliweza kupanda juu ya ghorofa.

Ndoo ya maji

Hapa ndipo ndoo yangu inapoingia katika historia. Mwaka 1918, huko Chicago, mtafiti Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio mengi sana. Alionyesha kwamba, kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege hutegemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Maji yakizidi, nguvu hushuka.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Mara nyingi tunasema zege imekauka, lakini saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kuungana na maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 tu kwa muungano huo. Mafundi huongeza ili zege iweze kumwagika na kuingia kati ya nondo, na lita 25 kwa mfuko ni kipimo cha kawaida. Maji yaliyobaki hayana kazi. Yanapotoka huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Lita 35 badala ya 25 zinaweza kuondoa zaidi ya theluthi moja ya nguvu, ingawa saruji, mchanga na kokoto ni vile vile. Aidha, kupitia vitundu hivyo unyevu na chumvi hufikia nondo. Kutu huvimba, na nguzo hupasuka kutokea ndani.

Upande wa pili wa jambo hili huwashangaza wengi. Zege mbichi haitaki maji mengi, lakini zege iliyoshika inayataka sana. Isipomwagiliwa au kufunikwa kwa magunia yaliyoloana katika siku za mwanzo, jua huiba maji yake kabla saruji haijamaliza kazi. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, na hata baada ya hapo huendelea kukua taratibu. Kwa maana hiyo, msemo wa mafundi ni wa kweli kuliko tunavyodhani: zege hailali hata baada ya mafundi kwenda kulala.

Saruji inafika kwetu

Katika miaka ya 1950 saruji ilianza kutengenezwa kwa wingi katika eneo letu. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza uzalishaji mwaka 1954. Malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale, ndugu wa yale yaliyochomwa Kilwa. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilifuata mwaka 1966. Uganda ilipata kiwanda chake Tororo, na huko Jinja bwawa la Owen Falls, ukuta wa zege wenye urefu wa zaidi ya mita 800, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954. Hata majivu ya Warumi yamerudi: saruji nyingi inayouzwa Uganda leo huchanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano.

Hata hivyo, majengo yanaanguka. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, liliua zaidi ya 40. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Kariakoo. Kila jengo lina sababu zake: msingi, ramani, nondo, ghorofa zilizoongezwa, usimamizi. Si haki kuitwika ndoo ya maji lawama zote. Lakini ndoo ni sehemu ambayo haihitaji fedha wala mashine ili irekebishwe. Inahitaji ndoo yenye alama na mtu wa kusema basi.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Historia ya zege inatuonyesha kwamba ufa huanza kabla ya ukuta kuwapo, siku ile ya kuchanganya. Vitruvius alitofautisha mchanga na mchanga. Fundi wa Kilwa alisubiri chokaa yake. Abrams alihesabu maji. Sisi tumepata saruji yenye namba 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko, namba inayotaja nguvu ya siku 28, halafu tunamkabidhi mtoto ndoo.

Nyumba ya baba mdogo bado imesimama. Nguzo ya barazani ina ufa mwembamba unaofuata nondo, na kila mvua ikipita huacha mstari wa kutu. Likizo iliyopita niliupima kwa rula, nikamwambia baba mdogo ninachokijua sasa. Aliniuliza kwa nini hakuna aliyetuambia siku ile. Ndiyo maana nimeandika insha hii kwa Kiswahili, lugha inayosemwa kwenye majengo mengi yanayojengwa leo katika eneo letu.