Sola na betri katika nyumba zenye LUKU

Matumizi ya sola na betri katika nyumba zenye LUKU ni utaratibu wa kutumia umeme wa jua pamoja na umeme wa gridi ya Taifa katika nyumba moja, ili kupunguza gharama na kuwa na taa wakati umeme unapokatika. Makala hii inahusu Tanzania, na mifano yake inalenga mji mdogo wa Mbalizi, magharibi mwa jiji la Mbeya kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma.

Katika nchi kadhaa betri ya nyumbani hununuliwa kwa sababu bei ya umeme hupanda saa za jioni: betri hujazwa wakati wa bei ndogo, kisha hutumika wakati wa bei kubwa. Mteja wa nyumbani wa TANESCO hana bei ya namna hiyo. Uniti ya saa 8 mchana na uniti ya saa 2 usiku zina bei moja. Kinachopandisha bei kwake ni jumla ya uniti za mwezi, na kwa hiyo hesabu ya sola na betri Mbalizi ni tofauti kabisa na ile inayoelezwa katika maandishi mengi ya kigeni.

== Bei ya uniti ==

Bei za umeme Tanzania hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, ambalo bei zake ziliendelea kwa miaka mingi, liliweka makundi mawili yanayohusu nyumba. Kundi la D1 ni la nyumba ambazo wastani wa matumizi yake ni uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja (yaani kilowati-saa moja, kWh 1) ni shilingi 100 hadi uniti ya 75, na kila inayozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida: nyumba zinazotumia umeme zaidi, maduka, saluni na mashine ndogo. Humo uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza.

Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mteja wa T1 hulipa karibu shilingi 356 kwa uniti, ndiyo maana shilingi 10,000 humpa takriban uniti 28. Mteja wa D1 hulipa shilingi 122 kwa uniti za chini ya 75 na shilingi 427 kwa zinazozidi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Hiyo haipungui kwa kufunga sola.

LUKU (Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia) ni mita ya malipo ya kabla, na bei hukatwa wakati wa kununua. Mteja wa D1 anayenunua uniti 120 kwa mkupuo tarehe 28 ili zimfikishe katikati ya mwezi unaofuata anatozwa bei ya juu kwa uniti 45, hata kama bado hajawasha taa moja. Kugawa manunuzi kwa miezi miwili kungemwokoa bila paneli wala betri.

== Kizingiti cha uniti 75 ==

Nyumba ya D1 inayotumia uniti 90 hulipa takriban shilingi 15,560 kwa mwezi pamoja na kodi na tozo. Ikishuka hadi 75 hulipa 9,150. Uniti 15 za mwisho peke yake zimegharimu zaidi ya shilingi 6,400. Nyumba hiyohiyo ikiwa kundi la T1, uniti 90 ni karibu shilingi 32,060. Tofauti kati ya kutumia uniti 90 ukiwa T1 na uniti 75 ukiwa D1 inakaribia shilingi 23,000 kila mwezi, na hapo ndipo sola ndogo inapoweza kuleta faida kubwa kuliko ukubwa wake. Kundi hutegemea wastani wa matumizi, hivyo mwezi mmoja wa kujibana hautoshi.

Nyumba za kupanga ni habari nyingine. Wapangaji wanne au watano wakitumia mita moja, jumla yao huvuka uniti 75 kwa urahisi na mita huwa T1, ingawa kila chumba kina taa mbili, redio na simu tu. Mpangaji mmoja akifunga paneli yake, mita haishuki kundi, na akiendelea kuchangia LUKU sawa na wenzake faida yake inagawanywa kwa nyumba nzima. Mita ndogo ya kila chumba, au makubaliano ya mchango yaliyoandikwa, vinapaswa kutangulia sola.

== Maji ya kuoga ==

Katika nyanda za juu za kusini kifaa kinachovusha nyumba kizingiti mara nyingi ni hita ya maji. Mwezi Juni na Julai asubuhi za Mbeya huwa na baridi kali. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 45 za Selsiasi kunahitaji uniti 0.7. Familia ya watu watano, kila mmoja ndoo moja kwa siku, inamaliza uniti 105 kwa mwezi kwa maji ya kuoga peke yake. Hakuna paneli moja wala betri moja ya kawaida inayobeba mzigo huo.

Njia nafuu zaidi ni kupasha maji kwa jua moja kwa moja, kwa tangi la maji ya moto la juu ya paa lenye mabomba meusi au ya kioo. Majira ya baridi ya nyanda hizi ni majira ya kiangazi pia, na anga huwa wazi mchana, kwa hiyo jua lipo hasa wakati maji ya moto yanapotakiwa. Nyumba iliyoondoa hita kwenye LUKU mara nyingi haina haja ya kufikiria betri kwa ajili ya bei.

== Kupanga paneli ==

Mbalizi iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Paneli huelekezwa kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ambao unatosha pia maji ya mvua kusafisha vumbi. Kwa kuwa mji uko magharibi mwa nchi, jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasorobo mchana, si saa sita kamili. Kazi nzito kama kupiga pasi, kusukuma maji na kupoza friji zikifanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri hutumia umeme wa paneli bila kupitia betri, na hiyo ndiyo uniti ya sola iliyo rahisi kuliko zote.

Hewa ya baridi husaidia. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25 katika seli zake, hivyo paneli ya Mbeya huzalisha vizuri kuliko ya Dar es Salaam chini ya jua lilelile. Masika ndiyo tatizo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hupunguza uzalishaji, na radi ni za mara kwa mara. Fremu za paneli zifungwe waya wa ardhi.

Mfano wa mzigo wa jioni: taa sita za LED za wati 7 kwa saa tano (wati-saa 210), televisheni ya wati 60 kwa saa nne (240), na simu (50). Jumla ni wati-saa 500, sawa na uniti 15 kwa mwezi, yaani zilezile zinazotenganisha 90 na 75. Kwa kuhesabu upotevu na siku za mawingu, paneli ya wati 200 hadi 250 inatosha.

== Betri ==

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake kila usiku. Betri ya gari, kama N70 inayoonekana katika nyumba nyingi, imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitumika kwa taa na televisheni kila siku huchoka haraka. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma huvumilia kutumiwa kwa kina na hudumu miaka mingi zaidi, kwa bei ya juu.

Tuseme betri ya asidi imenunuliwa kwa shilingi 300,000 na imetoa nusu uniti kila usiku kwa miaka mitatu. Imetoa uniti 547 hivi, na kila moja imegharimu karibu shilingi 550 kabla ya kuhesabu paneli. Hiyo ni ghali kuliko uniti ya T1. Betri ya lithiamu ya shilingi 700,000 ikifanya kazi hiyohiyo kwa miaka kumi hutoa uniti kwa shilingi 384 hivi, bado juu ya bei ya T1. Kwa hesabu ya uniti moja moja, betri hailipi. Hulipa inapoishusha nyumba kundi, au inapofanya kazi ambayo LUKU haiwezi kuifanya: kutoa mwanga umeme ukikatika.

Kujaza betri kwa umeme wa LUKU ili kuutumia jioni ni hasara tupu katika bei isiyobadilika kwa saa. Betri ya asidi na inveta pamoja zikirudisha asilimia 75, uniti iliyonunuliwa kwa shilingi 356 inageuka ya shilingi 475. Isipokuwa wakati wa mgao wa umeme, kama ule wa mwishoni mwa 2023, inveta iwekwe ichaji kwa sola kwanza na kutumia gridi mwishoni. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kinyume, na mafundi wengi huziacha hivyo.

Betri ya asidi iliyokufa ina risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Asidi yake isimwagwe ardhini.

== Kuunganisha na gridi ==

Njia salama kwa nyumba nyingi ni kutenganisha: taa na soketi chache zipitie inveta, na swichi ya chenjiova izuie umeme wa sola kuingia kwenye nyaya za TANESCO. Umeme unaorudi kwenye nguzo wakati gridi imezimwa unaweza kumuua fundi anayefanya kazi huko. Aidha mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kana kwamba umetumika, na mwenye nyumba hujikuta analipia sola yake mwenyewe. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazoruhusu kubadilishana umeme na msambazaji, lakini zinahitaji mkataba na mita maalumu.

== Saa za kilele ==

Gharama ya jioni ipo, ingawa haionekani kwenye risiti ya LUKU. Matumizi ya gridi hupanda baada ya jua kuzama, na mitambo lazima itoshe saa hizo chache. Mbalizi yenyewe ina kituo kidogo cha umeme wa maji cha kilowati 340 kilichojengwa mwaka 1958, lakini mji unategemea gridi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwanzoni mwa 2024 na kuondoa upungufu uliosababisha mgao. Kukatika kwa sababu ya nyaya, transfoma na dhoruba kuliendelea.

Nchini Uganda wateja wa biashara na viwanda hulipa bei ya juu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ya chini kuanzia hapo hadi saa 12 asubuhi. Kenya ilianza Desemba 2017 kuwapa wateja wakubwa punguzo la nusu bei kwa matumizi ya ziada ya saa za usiku. Katika nchi zote mbili wateja wa nyumbani walibaki na bei za viwango vya uniti, kama Tanzania. Bei ya saa ikifika majumbani, nyumba ya Mbalizi yenye betri itakuwa na sababu mpya ya kuijaza mchana, na mita ya LUKU italazimika kujua saa ya kila uniti iliyotumika, jambo ambalo tokeni inayokatwa bei wakati wa kununua haiwezi kulifanya.