Kuzibua

“Nishazibuliwa, mwanangu, vidonge vya nini tena?” Mzee jirani yangu hapa Diani aliniambia hivyo aliporudi kutoka hospitali Mombasa, alikozibuliwa mshipa wa moyo, na neno hilo likaninyima usingizi.

Ziba, zibua, funga, fungua, kunja, kunjua. Kauli ya kutendua hulirudisha tendo nyuma, na msikilizaji huamini kazi imekwisha. Fundi akizibua bomba huondoka na waya wake. Daktari wa moyo huacha kitu ndani: stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, mara nyingi kilichopakwa dawa. Dawa hiyo huzuia kovu lisizibe njia upya, lakini pia huchelewesha utando wa mshipa kuufunika ule wavu. Chuma kilicho wazi huweza kugandisha damu hata baada ya mwaka mzima. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa madaktari Barcelona, hofu hiyo ilitikisa ulimwengu wa tiba. Stenti za sasa ni salama zaidi, ila vidonge vya kuzuia damu kuganda, aspirini na klopidogreli, haviachwi mpaka daktari aseme.

Mimi ningesema mshipa umewekewa mhimili, na mhimili huangaliwa. Nilimweleza mzee hivyo hivyo. Akaagiza aletewe mfuko wake wa dawa.