Griffintown: Jina Lililobaki Bila Watu Wake



Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, mkufunzi wetu wa Historia alitupa kanuni moja ambayo niliipokea bila kuihoji. Alisema: ukitaka kujua kama mtaa ungali hai, uliza kama jina lake lingali linatajwa. Majengo hubomoka, bali jina hudumu. Nami nikawafundisha wanafunzi wa sekondari kanuni hiyo hiyo miaka mingi, hadi nilipostaafu. Leo nakusudia kuisahihisha mbele yenu, kwa kuwa nimeuona mtaa ambao jina lake latajwa kila siku, hata kwenye mabango ya nyumba zinazouzwa, ilhali watu waliolipa jina hilo maana hawapo tena.

Mtaa huo ni Griffintown, katika jiji la Montréal nchini Kanada. Binti yangu anaishi na kufanya kazi katika jiji hilo, nami nilikwenda kumtembelea yeye na mjukuu wangu wa miaka saba. Siku moja tulitembea kando ya Mfereji wa Lachine, kisha tukaingia katika bustani ndogo iliyozungukwa na maghorofa mapya. Hapo niliona mabenchi yaliyopangwa kwa safu, yote yakielekea upande mmoja, kama yapangwavyo kanisani. Mbele yake hapakuwa na kitu ila nyasi na mawe ya msingi wa jengo lililoondolewa. Mjukuu wangu aliketi kwenye benchi moja, akatazama mbele, kisha akamwuliza mama yake kwa Kifaransa watu hukaa pale kutazama nini.

Swali hilo ndilo lililonifanya nisome historia ya mtaa huo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina lenyewe lilianza kwa hila. Ardhi ile ilikuwa mali ya masista wa hospitali ya Hôtel-Dieu, nao walimkodisha Thomas McCord, mzaliwa wa Ayalandi, kwa muda wa miaka 99. McCord aliposafiri kwenda ng'ambo, mshirika wake wa biashara aliiuza hati ya ukodishaji mwaka 1799 bila ya kuwa na haki ya kufanya hivyo. Mnunuzi alikuwa mwanamke aitwaye Mary Griffin. Mwaka 1804 alimwajiri mpima ardhi Louis Charland, akaigawa ardhi hiyo viwanja na kuichorea njia zake. McCord aliporejea alikwenda mahakamani, akairudisha ardhi yake baada ya kesi ya miaka kadhaa. Hata hivyo ulimi wa watu haukufuata hukumu ya mahakama. Mahali pale pakabaki kuitwa mji wa Griffin hadi leo. Hakimu aliweza kumrudishia McCord ardhi, lakini hakuweza kumrudishia jina.

Waayalandi walikuja kwa wingi kufuata kazi ya mikono. Mto Saint Lawrence una maji ya kasi karibu na Montréal, na meli hazikuweza kupita. Ndipo ulipochimbwa Mfereji wa Lachine kati ya mwaka 1821 na 1825, urefu wake ukiwa takriban kilomita 14. Wachimbaji wengi walikuwa Waayalandi waliotumia sururu na koleo. Mfereji ulipoanza kupanuliwa mwaka 1843, wafanyakazi waligoma kwa sababu ya ujira mdogo. Baadaye vilijengwa viwanda kandokando ya mfereji, ikaja reli, na kisha likaja Daraja la Victoria, lililofunguliwa mwaka 1859. Kazi zote hizo zilihitaji watu wanaoishi jirani, na jirani palikuwa Griffintown: bondeni, penye mafuriko, penye moshi na nyumba za mbao zilizobanana.

Mwaka unaokumbukwa kuliko yote ni 1847. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeiangamiza Ayalandi tangu mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Waliopata nafasi ya kusafiri walisongamana katika meli, na ndani ya meli hizo chawa walieneza homa ya taifasi. Jijini Montréal wagonjwa waliwekwa katika mabanda kando ya mto. Masista waliwauguza, na baadhi yao waliambukizwa wakafa. Meya wa jiji, John Easton Mills, alikwenda kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake, naye akafa kwa homa hiyo hiyo mwaka huo huo. Waliozikwa karibu na mabanda yale wanakadiriwa kuwa 6,000.

Miaka kumi na miwili baadaye, wafanyakazi wa Daraja la Victoria, wengi wao wakiwa Waayalandi, walifika mahali pa makaburi yale. Walihofu kwamba mifupa itasahaulika, wakalichukua jiwe kubwa lenye uzito wa takriban tani 30, wakalisimamisha mwaka 1859 na kuliandika kwamba linalinda mabaki ya wahamiaji 6,000 waliokufa kwa homa ya meli. Watu huliita Jiwe Jeusi. Sasa limezungukwa na barabara, magari yakipita pande zote mbili. Mwaka 2019, wakati wa ujenzi wa reli mpya ya jiji, wanaakiolojia walifukua mifupa ya wahamiaji hao karibu na hapo. Vibarua wale wa mwaka 1859 walikuwa wamesema kweli.

Msomaji wa blogu hii bila shaka atauliza: walisema lugha gani? Njaa ile iliumiza zaidi magharibi na kusini mwa Ayalandi, sehemu ambazo Kiayalandi kilikuwa bado lugha ya nyumbani. Kwa hiyo yamkini baadhi ya waliokufa mabandani walikufa wakiomba kwa lugha hiyo. Lakini katika Griffintown Kiayalandi hakikuachiwa nafasi. Kazi ilitafutwa kwa Kiingereza, majirani wengi walisema Kifaransa, na mtoto aliyetaka kula alijifunza lugha ya mlipaji. Yatima wengi wa mwaka 1847 walilelewa na familia za Wafaransa wa Quebec, na baadhi yao waliruhusiwa kubaki na majina ya ukoo. Ndiyo maana hadi leo jijini humo utakutana na mtu mwenye jina la Kiayalandi asiyejua neno la Kiayalandi wala la Kiingereza. Daniel Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Quebec mwaka 1966 hadi 1968, alikuwa mtu wa asili ya Kiayalandi aliyeongoza jimbo lenye kusema Kifaransa. Jina lilivuka bahari. Lugha ilibaki njiani.

Kilichowaunganisha watu wa mtaa badala ya lugha kilikuwa kanisa la Mtakatifu Anna, lililofunguliwa mwaka 1854. Humo walibatizwa, wakaoana, wakaagwa. Lilikuwa pia mahali pa shule, michezo, tamthilia na siasa. Thomas D'Arcy McGee, mshairi na mwandishi aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa shirikisho la Kanada, aliwawakilisha watu wa sehemu hii bungeni kabla ya kuuawa kwa risasi jijini Ottawa tarehe 7 Aprili 1868. Washairi wenzangu wakumbuke hilo: mtaa wa vibarua ulituma mshairi bungeni.

Tusiupambe mtaa huo kupita kiasi. Mwaka 1897 mfanyabiashara Herbert Ames alichapisha uchunguzi wake juu ya watu wa bondeni, The City Below the Hill. Alipita nyumba hadi nyumba akihesabu watu, mishahara, kodi na vyoo vya shimo, akawaonesha matajiri wa mlimani jinsi jirani zao walivyoishi. Wala mtaa haukuwa wa Waayalandi peke yao. Wafaransa wa Quebec, Waingereza na Waskoti waliishi humo, na baadaye wakaja Waitalia na wengine. Palikuwa na umaskini, ulevi na ugomvi. Lakini palikuwa pia na masimulizi, na masimulizi ndiyo ninayotaka kuyatilia mkazo.

Tarehe 27 Juni 1879 mwanamke aitwaye Mary Gallagher aliuawa kwa kukatwa kichwa katika nyumba iliyokuwa kwenye kona ya njia za William na Murray. Rafiki yake Susan Kennedy alihukumiwa kwa mauaji hayo. Watu wa mtaa wakaanza kusimulia kwamba Mary hurejea kila baada ya miaka saba, usiku wa tarehe hiyo, akitafuta kichwa chake. Vizazi vilikua na hadithi hiyo, na hata baada ya nyumba kubomolewa, watu walikuwa wakirudi kwenye kona ile kila mwaka wa saba, wengine kwa imani na wengi kwa mzaha. Nimewaza sana juu ya jambo hili. Msiba wa tarehe 25 Aprili 1944, ndege ya kivita ilipoangukia nyumba za mtaa na kuua watu 15, uliwagusa watu wengi zaidi, lakini hadithi ya Mary imesafiri mbali zaidi. Msiba wa ndege una tarehe. Hadithi ya Mary ina miadi. Inamtaka msikilizaji arudi.

Mtaa uliuawa polepole, tena kwa karatasi. Mwaka 1959 ilifunguliwa njia mpya ya meli katika Mto Saint Lawrence, na Mfereji wa Lachine ukaanza kupoteza kazi. Mwaka 1963 jiji lilibadilisha mpango wa matumizi ya ardhi, Griffintown ikatangazwa kuwa eneo la viwanda vyepesi. Askari hawakuja kumfukuza mtu. Ila nyumba mpya hazikuruhusiwa tena, na za zamani zikaachwa zichakae. Mwaka 1967 barabara kuu ya Bonaventure ilipita ukingoni ikibeba magari ya wageni wa maonesho ya dunia. Familia zilihamia mitaa mingine, moja baada ya moja. Kanisa lilikosa waumini, likabomolewa mwaka 1970. Wakati huo wakazi waliobaki hawakufika elfu moja.

Ng'ambo ya mfereji, karibu na lile Jiwe Jeusi, palikuwa na mtaa mwingine mdogo. Ramani ya serikali iliuita Victoriatown, lakini wenyewe waliuita Goose Village, yaani kijiji cha mabata bukini. Huo haukusubiri kuchakaa. Ulibomolewa wote mwaka 1964. Leo hakuna anayeuza nyumba kwa jina lake. Hata hivyo watoto waliozaliwa pale, ambao sasa ni wazee, waliendelea kukutana na kusimulia nani aliishi nyumba ipi.

Na Griffintown? Katika karne hii wajenzi walirudi. Mpango wa ardhi ulibadilishwa tena, maghorofa yakapanda, maelfu ya wakazi wapya wakaja, na jina la kale likafutwa vumbi na kuwekwa kwenye matangazo. Mwaka 2019 jiji lilipotaka kukipa kituo cha reli cha mtaa huo jina la Bernard Landry, aliyekuwa waziri mkuu wa Quebec, Waayalandi wa Montréal walilalamika kwamba hicho ndicho kitu cha mwisho walichobakiwa nacho. Uamuzi ukawa kuyaunganisha majina mawili: Griffintown–Bernard-Landry. Sikuwashangaa waliolalamika. Mtu aliyenyang'anywa nyumba hushikilia funguo.

Sasa narudi kwenye kanuni ya mkufunzi wangu. Mtaa mmoja una jina lakini hauna watu wake. Mwingine hauna jina katika ramani lakini ulibaki na wasimulizi wake. Upi uko hai zaidi? Zamani ningejibu bila kusita kwamba ni ule wenye jina. Leo nasema jina ni chombo tu. Ukikikuta kitupu, yeyote aweza kukijaza chochote, hata biashara ya fleti. Kinachokifanya chombo hicho kiwe chetu ni masimulizi tunayoyatia ndani, na masimulizi hayahifadhiwi na ofisi ya ardhi.

Nakiri kwamba jambo hili linanihusu. Mjukuu wangu anakielewa Kiswahili, lakini hunijibu kwa Kifaransa. Katika basi la jiji lile nimesikia Kiswahili cha Burundi na cha Kongo kikisemwa na wazazi, na watoto wao wakijibu kama ajibuvyo mjukuu wangu. Simlaumu. Watoto wa Griffintown nao walifanya hivyo, na sababu ilikuwa ile ile. Jioni ile nilimjibu swali lake kwa Kiswahili. Nilimweleza juu ya kanisa, juu ya jiwe, na juu ya Mary anayetafuta kichwa. Hapo kwenye kichwa alisahau Kifaransa chake, akaniuliza: "Bibi, alikipata?"

Nikamwambia bado, na kwamba hadithi itaendelea kesho. Kesho yake alikuja mwenyewe kuidai, kwa Kiswahili.

Nawaomba washairi wa ukurasa huu kazi moja. Kila mmoja wetu ana mtaa ambao jina lake lipo na maana yake inapotea. Tusiishie kulitaja jina katika ubeti kwa ajili ya vina. Tuseme nani aliishi pale, alifanya kazi gani, na kwa nini aliondoka. Mabenchi ya bustani ile bado yanatazama mbele. Yanahitaji mtu wa kueleza yanatazama nini.