Intakula: historia ya kifaa kisichopata mahali pa kukaa

Leo tunaiacha tarakilishi ipumzike kidogo, tufungue boneti ya gari. Najua kuna mtakaouliza, mtu wa kuandika programu anatafuta nini kwenye grisi? Jibu ni kwamba kazi yangu ya kila siku ni kuchomeka kitu kipya ndani ya mfumo ambao aliyeujenga hakukiachia nafasi, na sijaona mfano mzuri wa kazi hiyo kuliko intakula. (Mafundi wetu hulitamka jina hili hivyo hivyo, na utadhani limetoka kwenye kitenzi cha kula. Si uongo sana: inakula nafasi na inakula pesa.)

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Ukishindilia hewa, inapata joto. Jaza tairi la baiskeli kwa pampu upesi upesi kisha uguse mdomo wa pampu, utaona. Sasa tabo ni pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Chukua hewa ya nyuzi 25, uishindilie hadi shinikizo lake liwe mara 2, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70. Hesabu inakupa hewa inayotoka ikiwa na nyuzi 118 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida uliyoitafuta imekwisha kupotea. Baya zaidi, petroli huwaka ovyo kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na pistoni zinavunjika. Intakula ni kama rejeta, tofauti ni kwamba inapoza hewa hiyo iliyoshindiliwa kabla haijaingia kwenye silinda. Ukiishusha kutoka nyuzi 118 hadi 50, uzito wake kwa kila lita unaongezeka kwa asilimia 21.

Na sisi wa Nairobi tuna tatizo la ziada. Hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni hafifu, kwa hiyo tabo inayotaka kufikia shinikizo lile lile la Mombasa lazima ishindilie zaidi. Nilipoirudia hesabu kwa hewa ya hapa, huku nikiacha nyuzi 25 zile zile, nilipata karibu nyuzi 147. Gari moja, siku moja, tofauti ya nyuzi 29 kwa sababu ya mlima tu.

Basi turudi nyuma hadi vita vikuu vya pili, maana hadithi bora ya intakula iliyobandikwa mahali pasipoitarajia si ya gari, ni ya ndege. Mwaka 1941 Wajerumani walileta ndege ya kivita ya Focke-Wulf 190, na Spitfire Mk V ya Waingereza ikawa inapigwa vibaya. Wakati huo kampuni ya Rolls-Royce ilikuwa na injini mpya mkononi, Merlin ya mfululizo wa 60, iliyokusudiwa ndege ya mabomu aina ya Wellington ya kuruka juu sana. Mtaalamu wa hesabu Stanley Hooker na wenzake walikuwa wameipa supachaja ya ngazi 2: kompresa ya kwanza inashindilia hewa, ya pili inaishindilia tena. Huko juu hewa ni hafifu mno na dawa yake ndiyo hiyo. Lakini kushindilia mara 2 ni kuchemsha mara 2, na bila kupoza, injini hiyo ingejiua yenyewe.

Wakaweka intakula ya kimiminika, kisanduku kilichobanwa kati ya supachaja na sehemu ya nyuma ya silinda, kikiwa na mzunguko wake wa maji yenye glaikoli na pampu yake, mbali na maji ya kupoza injini. Hebu fikiria sasa. Injini imerefuka, na ndege ni ile ile nyembamba. Pua ikarefushwa. Propela ya mapanga 3 ikawa ya mapanga 4 ili nguvu mpya ipate kutumika. Mk V ilikuwa na rejeta chini ya bawa moja na kipoza mafuta kidogo chini ya lingine. Mk IX ikahitaji vifuko 2 vikubwa vilivyolingana. Badiliko moja likazaa lingine na lingine, jambo ambalo kila aliyewahi kugusa programu ya zamani analijua kwa machungu.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Mpango rasmi ulikuwa ni kusubiri Mk VIII, ndege iliyosanifiwa upya kuanzia mwanzo kwa ajili ya injini hii. Vita havikusubiri. Mk IX ilikuwa kiraka: walichukua maumbo ya Mk V na kuyapachika injini mpya, na za kwanza kabisa zilibadilishwa na Rolls-Royce wenyewe huko Hucknall. Julai 1942 kikosi cha 64 kikaanza kuirusha. Kiraka hicho kikatengenezwa zaidi ya mara 5,000, kikalipita kwa mbali toleo lile nadhifu lililokuwa likisubiriwa.

Kwenye magari ya barabarani nitapita haraka. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na lita 3.0 na nguvu ya farasi 260, bila intakula. Mwaka 1978 wakaongeza injini hadi lita 3.3, wakaweka intakula, farasi wakafika 300. Injini ya 911 iko nyuma na hakuna hata pa kuingiza mkono, hivyo waliiweka juu kabisa, ndani ya bawa la nyuma! Watu wengi huliona bawa lile na kudhani ni pambo la kujionyesha.

Kwetu Kenya hadithi inafika kupitia Safari Rally na Toyota Celica GT-Four. Injini yake ya lita 2 imewekwa kukingama, imebanana na giaboksi, tabo, na mitambo ya kuendesha magurudumu yote 4. Toleo la kwanza, ST165, lilitumia intakula ya maji. Lililofuata, ST185, likaachana na maji na kuweka ya hewa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Rahisi, nyepesi, haina pampu ya kuharibika. Lakini iko juu ya tanuri! Gari likisimama kwenye foleni, joto lote la injini linapanda na kuichemsha.

Watu wa mashindano hawakuitaka. Mwaka 1991 Toyota ikatoa magari 5,000 ya toleo maalum la ST185, idadi ambayo sheria za Group A ziliitaka wakati huo, na ndani yake intakula ya maji ikarudi. Kwa nini maji? Kwa ujazo ule ule, maji hubeba joto karibu mara 3,500 kuliko hewa. Kwa hiyo kisanduku kidogo kinatosha karibu na injini, na joto linasafirishwa kwa hozi nyembamba hadi rejeta ya mbele. Ubaya wake ni uzito, pampu, na maji yenyewe kupata moto ukikanyaga mafuta kwa muda mrefu bila kupumzika. Binafsi, kwa nafasi iliyokuwepo, naona walichagua vyema. Björn Waldegård alishinda Safari ya 1990 kwa ST165, kisha ST185 ikashinda mfululizo: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993 (Toyota wakachukua nafasi zote 4 za kwanza), Ian Duncan wetu 1994, na Yoshio Fujimoto 1995.

Nisimsahau Patrick Njiru. Mwaka huo wa 1993 alimaliza wa 12 na Subaru Vivio, kagari ka sentimita za ujazo 658, chenye supachaja na intakula. Ukiona chini ya boneti ya Vivio utaelewa neno finyu lina maana gani.

Sasa binamu yangu ana Impreza ya mwaka 1997, intakula yake ya kiwandani iko juu, nyuma ya injini. Mwaka jana alinunua kubwa ya alumini ya kuweka mbele, upana wa sentimita 60, akanipigia simu nije na kipimo. Wengi huikataa ya mbele wakisema paipu ndefu huchelewesha tabo. Nilipiga hesabu: mita 2 za paipu ya milimita 63 zina lita 6 hivi. Injini ya lita 2 kwenye mizunguko 3,000 inameza karibu lita 50 kwa sekunde. Hata ukizidisha mara 3, kuchelewa hakufiki nusu sekunde. Hofu yangu ilikuwa kwingine. Kila kiungo cha hozi ni mahali pa kuvuja, na kompyuta ya gari hilo hupima hewa kabla ya tabo. Hewa ikitoroka baadaye, petroli inamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo.

Na kulikuwa na chuma. Nyuma ya bampa kuna mhimili wa kukinga mgongano, na intakula ile haikuingia.

"Mkubwa, hiki hakina kazi," fundi akasema, grainda tayari mkononi. "Gari nyingi tunakata."

Binamu aliniangalia. Gari hilo ndilo linalobeba watoto wake 2 kwenda Nakuru kila likizo, katikati ya malori ya barabara ile. Nikamwambia fundi azime mashine, nikamwambia binamu achague: mhimili au intakula, kwa maana nafasi ni moja. Hakufikiri sana.

Tukatafuta intakula pana zaidi ya kukaa juu, iliyotoka kwenye STI ya miaka ya baadaye. Ilidai vishikio vipya na hozi nyingine, na haikulingana na tundu la boneti, ikabidi tukate sponji na kuziba pembeni ili upepo usipite kando. Siku 2 za kazi. Ile ya alumini alimuuzia kijana wa Thika mwenye pikapu, ambayo mbele ya rejeta yake unaweza kuingiza kreti ya soda.