Nuru na Wajihi: Kutoka Baraza za Butembo hadi Ngozi za Avata

Mji wa Butembo nchini Kongo, uliotandaa milimani jirani kabisa na mstari wa Ikweta, hupigwa na jua la utosini miezi ya Machi na Septemba. Na yeyote aliyepata kushika kamera huko, au Beni iliyo kaskazini yake penye joto zaidi, atambua kwamba saa sita ya mchana ni hasimu wa wajihi wa mwanadamu, kwa kuwa nuru ishukayo wima hulifanya paji la uso ling'ae kupita kiasi, na macho huyazika katika kiza cha nyusi. Ndiyo maana mpiga picha mwenye maarifa humketisha mteja wake barazani, akamsogezea ubavuni shuka jeupe lirudishalo nuru shavuni, tena akajihadhari na ardhi nyekundu ya barabarani isimtie chini ya kidevu wekundu usiokuwa wake. Kinyume chake ni picha ya kadi ya mchaguzi, ambayo kwa miaka mingi imeshika nafasi ya kitambulisho nchini humo: sijamwona bado mtu aliyejipenda humo.

Maarifa hayo ya barazani hayakutoka viwandani. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilivipelekea vyumba vya kusafishia picha kadi ya mizani ya rangi, maarufu kwa jina la Shirley, yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Rangi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na weusi walioketi karibu na weupe wakatokea meno na macho tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongoza filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji, aliikataa filamu ya Kodak kwa hoja ya ubaguzi. Lakini yasemekana waliosikilizwa zaidi ni wafanyabiashara wa chokoleti na samani, walionung'unika kwamba hudhurungi za bidhaa zao hazitofautiki. Jambo la kuchekesha, lau lisingeudhi.

Kompyuta nayo ilirithi kilema hicho. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, alitoa mwaka 1975 kanuni ya kukokotoa mng'ao, iliyofanya sura zifanane na plastiki. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake wakaeleza namna nuru inavyopenya ngozini, ikatangatanga, ikatokea mahali pengine. Ilionekana kana kwamba siri ya ngozi imefichuka. Mwaka 2020 Theodore Kim wa Chuo Kikuu cha Yale alikumbusha kwamba siri hiyo hasa ni ya ngozi nyeupe: katika ngozi nyeusi sehemu kubwa ya nuru iingiayo humezwa na melanini, na kinachoipa haiba ni mng'ao wa juu yake.

Basi kijana wa Butembo atengenezaye ngozi ya avata, yaani sura ya mtu iliyoundwa kwa kompyuta, kwa kutia rangi ya kahawia juu ya kanuni iliyotungwa kwa wengine, hupata uso wa udongo mkavu. Akichora mng'ao na kivuli ndani ya ngozi yenyewe, avata ikihamia mahali ambapo jua lachwea, kivuli cha adhuhuri hubaki puani kama masizi. Yampasa aache ngozi bila kivuli, aseme tu wapi ing'ae na wapi ififie, kisha aisogeze taa ya bandia ubavuni na kuweka upande wa pili ukuta mweupe, kama shuka la barazani. Na umeme ukikatika, jambo lisilo geni mjini humo, hubaki dirisha.