Daktari wa Mathari na Miraa ya Maua

Kila mtu ana maoni yake kuhusu miraa na kichwa cha Msomali. Nimeyasikia kwa matatu za Garissa, kwa semina za mashirika, hata chuoni kabla sijaacha. Maoni hayo ni mazee kuliko Dagahaley yetu, kambi iliyofunguliwa 1992. Ukiyafuata nyuma yanakufikisha Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi.

Kuanzia 1938 mkuu wa Mathari alikuwa John Colin Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni ambaye alipewa kazi hiyo bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka 1945 akaandika makala fupi kwenye jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, akisema miraa husababisha wazimu. Maafisa wa kaskazini nao walikuwa wakilalamika kwamba watu wanaharibika kwa kutafuna. Sheria za kubana miraa zikafuata, hadi ile ya 1951. Biashara haikufa, ilijifunza tu kujificha.

Shida yangu na Carothers ni alichoandika baadaye. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba hatuitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akatufananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa sehemu hiyohiyo. Yaani kwake tulikuwa na handas hata bila kutafuna! Mwaka uliofuata serikali ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na watu waliopigania ardhi wakageuzwa wagonjwa.

Kwa hivyo mzee wa hapa akicheka akiambiwa miraa inaharibu ubongo, mimi namuelewa. Lakini kicheko hakimlazi mtu usingizi.

Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua kitu kinachofanya kazi ndani ya jani bichi: kathinoni, binamu wa amfetamini. Inasukuma dopamini itoke kwa wingi ubongoni. Hapo ndipo maneno yanatiririka, kila mpango unaonekana mwepesi, na mtu anafungua duka Eastleigh akiwa amekaa kwa mkeka. Jani likinyauka kathinoni inapungua, ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na madereva wanaotoka Maua huendesha kama wanaokimbia moto. Halafu handas inaisha. Usingizi hakuna, hasira ziko karibu. Wengi huongeza sigara juu yake, na nikotini nayo hufika ubongoni ndani ya sekunde chache, ikiacha ombi la nyingine.

Wengi wataamka wakiwa wamechoka tu, basi. Wengine si hivyo. Utafiti uliofanywa Hargeisa na kuchapishwa 2005 uliwakuta walioanza kusikia sauti na kushuku kila mtu, wakiwemo wapiganaji wa zamani. Hao walikuwa wameanza kutafuna mapema kuliko wenzao, na walitafuna zaidi. Sasa tafuta mstari kati ya vita na jani. Mimi siuoni, na sidhani jirani zangu waliotembea kutoka Jubba hadi hapa wanauona. Kupiga marufuku kumeshajaribiwa: Siad Barre 1983, Uingereza 2014 licha ya washauri wake wenyewe kukataa. Hapa Dagahaley marufuku ingeanza na wanawake, maana ndio wengi wanaouza, na ada ya madrasa hutoka kwenye hiyo meza.

Mtaa wangu kuna kijana ambaye hajalala tangu juzi. Anasema redio ya jirani inamtaja kwa jina. Mama yake ameficha viatu vyake asitoke usiku, na asubuhi atampeleka hospitali. Nimemwambia nitaenda nao. Natumai daktari atamuuliza anatafuna kiasi gani, kisha amuulize pia alikotoka.